Behewa Lililoitwa Tupu

Tarehe 4 Machi

Kwako Chiriku, binti wa kaka yangu,

Hujambo mwanangu? Mimi mzima, labda mafua ya hapa na pale. Paka wa jirani amezalia ndani ya kapu langu la nguo, watoto wanne, na ananitazama kama mimi ndiye mpangaji. Nimemwachia kapu. Kila nikitaka nguo naomba ruhusa.

Utashangaa kupata barua. Simu yangu imekufa. Usiulize imekufaje. Jirani anayo, lakini ana masikio pia, na mimi nina mambo yangu. Baba yako akilalamika kwamba sipatikani, mwambie dada yake yupo na anakula vizuri. Na mwandiko ukiuona umepinda, ujue meza imelegea mguu.

Niko likizo kidogo. Yadi ya reli haitakufa nisipokuwepo, ingawa nilidhani itakufa. Miaka kumi na minane nimeunganisha mabehewa, leo naamka asubuhi sijui mikono niiweke wapi.

Matokeo yako ya muhula yametoka? Nilikuuliza kwenye ujumbe wa sauti kabla simu haijafa, hukujibu.

Jambo lingine, dogo tu. Wewe unasomea kufundisha fizikia. Behewa moja tupu, tani ishirini, likienda kwa mwendo wa mtu anayetembea, likigonga mawili matupu yaliyosimama na yote yakashikana, je, hayo matatu yanaweza kwenda kuvunja kizuizi cha mwisho wa reli na ukuta wa stoo? Nauliza tu. Mtu akiwa likizo huwaza mengi.

Shangazi yako.


Tarehe 17 Machi

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenifikia ikiwa imezunguka ofisi tatu za chuo, na kila ofisi imeacha alama ya chai. Mimi sijambo. Ninayelala naye chumba kimoja anakoroma kwa zamu mbili, ya kwanza nyembamba, ya pili nzito. Nyumbani wazima. Bibi kapata miwani mpya, Baba anasema sasa anasoma kila karatasi inayoingia ndani, hata risiti za watu. Kwa hiyo nawe ukimwandikia Baba, andika ukijua Bibi ndiye msomaji wa kwanza.

Hiyo meza yako, Shangazi, imelegea mguu mmoja au yote minne? Mwandiko umelewa kabisa.

Kuhusu matokeo, chuo kina mambo mengi. Tuje kwenye swali lako, ndilo tamu.

Kitu chochote kinachokwenda kina kitu ambacho kitabu kinakiita momenta. Unachukua uzito wake unauzidisha na kasi yake, basi. (Mwalimu wangu angeniambia niseme tungamo badala ya uzito, lakini hayupo.) Vitu vikigongana, kama hakuna mtu wa nje anayevisukuma wala kuvizuia, momenta yote kwa jumla haiongezeki wala haipungui. Inagawanywa tu. Behewa lako lilikuwa peke yake, tani ishirini. Baada ya kushikana, mzigo ni tani sitini, mara tatu. Kwa hiyo kasi lazima ishuke iwe theluthi moja. Mtembea kwa miguu anageuka kobe.

Jibu ni hapana, hayawezi kuvunja ukuta. Labda kama behewa la kwanza lilikuja mbio, na aliyeliachia alikuwa mzembe.

Kwa nini unauliza?

Wako,
Chiriku.


Tarehe 30 Machi

Chiriku,

Marahaba mwanangu. Nimefurahi Bibi amepata miwani. Watoto wa paka wamefungua macho.

Asante kwa jibu. Hata mhandisi wa huku alisema hivyohivyo, neno kwa neno, mpaka hilo la mzembe.

Ni habari za mwenzangu mmoja kazini, nisingependa kumtaja. Yeye anasema alitembea kando ya behewa kutoka mwanzo, hatua kwa hatua, halikumzidi wala hakulizidi. Wenye ofisi wanasema aliliachia likakimbia. Karatasi zinasema behewa lilikuwa tupu, na jinsi yalivyokwenda baada ya kushikana kuna watu waliona. Mhandisi akapiga hesabu kurudi nyuma, akapata kwamba lilianza kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Mwenzangu huyo ni mtu mwaminifu, na sura pia anayo, lakini nani atamsikiliza mbele ya hesabu?

Basi tuyaache. Soma kwa bidii. Matokeo hujaniambia bado.

Shangazi.


Tarehe 11 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Leo sina habari za anayekoroma. Nimesikiliza ujumbe wako.

Niseme kwanza kwa nini sikuusikiliza tangu Februari. Ulikuja siku ileile matokeo yalipobandikwa ukutani. Nimefeli, Shangazi. Fizikia, sura ya migongano, na mtihani wa marudio ni Julai. Niliona ujumbe wako, nikasikia maneno mawili ya mwanzo, "Eeh mwalimu, matokeo vipi?", nikauzima. Nikajiambia nitausikiliza nikiwa na la kusema. Sikuwa nalo.

Jana usiku nilisoma tena barua yako ya huyo mwenzako mwenye sura nzuri, nikausikiliza ujumbe mpaka mwisho. Unaniuliza matokeo. Unacheka. Nyuma yako kuna kitu kinapiga ko, ko, ko, kama mtu anayechechemea kwa gongo. Halafu kishindo, mpaka nikaitupa simu kitandani. Wewe unasema, "Hiyo ndiyo salamu yao." Ko, ko, ko inaendelea, polepole zaidi. Halafu unasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mbona haya hayasimami?" Ujumbe unaishia hapo.

Mwenzako ni wewe. Umeumia wapi? Unaandika kwa mkono gani?

Nimekaa na saa ya simu asubuhi nzima. Hiyo ko ni nini? Ninauliza kwa sababu kabla ya kishindo inapiga kila baada ya sekunde mbili, barabara. Kutoka ya kwanza mpaka ya sita ni sekunde kumi. Baada ya kishindo ni kila sekunde tatu, kutoka ya kwanza mpaka ya sita sekunde kumi na tano. Kama hiyo ko ni ya gurudumu, basi tunajua kasi ilishuka kiasi gani, hata bila kujua ilikuwa kasi gani. Haikushuka ikawa theluthi moja. Ilishuka ikawa theluthi mbili! Behewa tupu haliwezi kufanya hivyo hata likikimbia.

Nimepiga hesabu ya uzito. Nimetumia nishati ya mwendo, ile inayokwenda na kasi mara kasi. Kabla sawa na baada. Nimepata tani thelathini na mbili. Behewa lilikuwa na mzigo wa tani kumi na mbili ndani yake. Inawezekana?

Nijibu haraka, na unijibu ukweli.

Chiriku.


Tarehe 23 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Kwanza, kufeli. Mimi nilifeli mtihani wa kwanza wa yadi kwa sababu niliinua bendera nyekundu pale pa kijani, mbele ya mkuu mwenyewe, na nikaing'ang'ania nikidhani yeye ndiye haoni rangi. Utarudia. Umwambie baba yako kabla Bibi hajaisoma mahali.

Pili, mkono. Ni wa kulia, kifundo, umevunjika na uko ndani ya plasta. Naandika kwa kushoto. Meza ni nzima kabisa, naiomba radhi.

Tatu, ukweli. Behewa lile tunaliita Kiguru. Gurudumu lake moja limechubuka mahali, lina bapa, na kila linapomaliza mzunguko linapiga ko. Kila mtu yadini anamjua Kiguru kwa kumsikia. Siku ile kichwa cha treni kilimsukuma kidogo, nikamwachia, nikatembea naye kuelekea mabehewa mawili matupu. Akayagonga, wakashikana. Kila siku, wakishashikana hivyo, wanatambaa kama konokono. Mimi napanda kwa raha zangu, nakaza breki ya mkono, kazi imekwisha. Siku ile hawakutambaa. Nikapanda mbiombio, simu ikaponyoka ikaenda chini ya gurudumu, nikakaza breki mpaka nikaona nyota, wala hawakujali. Wakavunja kizuizi, wakaingia stoo tunapotundika makoti. Mimi nikarushwa nikaangukia mkono. Hakuna mwingine aliyeumia, ila makoti. Nimesimamishwa kazi, na kikao cha kuniamulia ni tarehe 29 Mei. Nyumbani hawajui, na nakuomba wasijue.

Sasa hesabu yako. Tani thelathini na mbili hapana, mwanangu. Kiguru hubeba saruji, na saruji hupakiwa behewa likajaa, tani sitini, au halipakiwi. Hakuna mtu anayepakia kidogo halafu akafunga mlango. Mahali fulani umekosea.

Na mimi sijasoma, lakini nikuulize. Unasema nishati ya kabla ni sawa na ya baada. Na kile kishindo kilichokufanya uitupe simu, kilitoka wapi? Mimi nimesimama karibu na vishindo hivyo miaka kumi na minane. Meno yanagongana, ardhi inatetemeka, ukigusa vyuma vya kuunganishia baada ya hapo vina vuguvugu. Hayo yote yalikuja bure?

Shangazi.


Tarehe 5 Mei

Shangazi, shikamoo, shikamoo tena, shikamoo mara ya tatu!

Nimekimbia na barua yako kutoka ofisi ya chuo mpaka bwenini nikiwa na kiatu kimoja, kingine kilibaki kwenye tope, nimekirudia baadaye.

Kishindo! Hapo ndipo nilipofelia. Ndipo hasa, swali la nne, alama kumi na tano. Vitu vikigongana vikashikana, nishati ya mwendo haibaki. Nyingine inakuwa kelele, nyingine joto, nyingine inaishia kwenye springi na vyuma. Kinachobaki kamili ni momenta. Mwalimu alilisema hilo mara ishirini, nikaliandika mara ishirini, na siku ya mtihani nikaandika kwamba nishati ndiyo inayobaki. Wewe umegusa chuma ukakikuta kina vuguvugu, basi, ukajua. Sasa nami sitasahau mpaka naingia kaburini.

Sikiliza hesabu mpya, ni fupi mpaka inachekesha. Kabla ya kishindo Kiguru anazunguka gurudumu mara moja kila sekunde mbili, yaani nusu mzunguko kwa sekunde. Baada ya kishindo, theluthi ya mzunguko kwa sekunde. Uzito wake hatuujui. Yale mawili ni tani arobaini. Kwa hiyo nusu ya uzito wake lazima iwe sawa na theluthi ya uzito wake ukishaongezwa arobaini. Uzito gani unakubali? Jaribu themanini. Nusu yake arobaini. Themanini na arobaini ni mia na ishirini, theluthi yake arobaini. Arobaini na arobaini!

Tani themanini, Shangazi. Behewa ishirini, saruji sitini. Kiguru alikuwa amejaa mpaka mlangoni.

Angekuwa mtupu, na mwendo wako uleule, baada ya kishindo ungesikia ko moja kila sekunde sita. Konokono wako wa kila siku. Na kwa kumsikiliza mhandisi, kama alikuwa mtupu na akaondoka na ko ya sekunde tatu, basi kabla ilipaswa kupiga kila sekunde moja, mbio kweli. Mhandisi hakukosea hesabu. Amekosea karatasi.

Nina maswali mawili. Gurudumu lake kulizunguka ni mita ngapi? Na reli pale ina mteremko? Maana kama kungekuwa na kitu kinachovuta au kuzuia, ko zisingekuja sawasawa hivyo.

Nakutumia hesabu yote kwenye karatasi safi, na ujumbe wenyewe kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, nimeibandika ndani ya bahasha. Wapelekee. Ushaponea!

Chiriku mwenye viatu viwili.


Tarehe 16 Mei

Chiriku,

Marahaba. Kadi nimeipata. Gurudumu nimelipima kwa uzi, mwenzangu wa yadi amenishikia upande mmoja: mita mbili na sentimita themanini. Reli ina mteremko kidogo sana, ulipimwa ili behewa lisichoke wala lisikimbie.

Nashukuru kwa kazi yako. Sitaipeleka.

Paka wamehama, kapu limerudi.

Shangazi.


Tarehe 21 Mei

Shangazi, shikamoo.

Nimesoma barua yako mistari yote, haikuchukua muda.

Mita mbili na themanini kwa sekunde mbili ni mita moja na arobaini kwa sekunde. Nimetoka nje nikaitembea. Ni mwendo wa mtu anayekwenda dukani asiye na haraka wala uvivu. Ulisema kweli tangu mwanzo. Halafu hutaki kuwaambia?

Nimemwambia Baba kwamba nimefeli. Akaniuliza, "Umekula?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya, basi soma." Miezi mitatu nimekosa usingizi kwa ajili ya sentensi hiyo.

Niambie sababu. Hata ikiwa mbaya.

Chiriku.


Tarehe 25 Mei

Mwanangu,

Nimempa barua hii kondakta wa basi akufikishie kesho, maana posta itachelewa.

Sababu ni hii. Kwanza, hakuna ruhusa ya kushika simu kwenye reli. Mimi ndiye ninayewafundisha wapya hivyo, na ninawafokea. Ujumbe huo ukisikika, nasikika mimi nikicheka na simu huku natembea na tani themanini.

Hilo ningelivumilia. La pili ndilo linaloninyima raha. Behewa lililojaa hukalia springi zake. Chuma kinalala, unaona kwa jicho, huhitaji karatasi wala fizikia. Mtu wa yadi anatazama springi kabla ya kuligusa behewa lolote. Miaka kumi na minane nimetazama. Siku ile sikutazama. Karatasi ilisema tupu, mimi nilikuwa nakutafuta wewe kwenye simu, nikapita mbele ya springi zile nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kwa hiyo karani wa mizigo aliandika uongo, na mimi nikapita nao. Nikipeleka kadi, naponea la mwendo na kunaswa na la macho. Nisipoipeleka, nafukuzwa kwa kosa ambalo si langu, lakini langu halijulikani. Nimekaa nalipima hili na lile wiki mbili. Hujanisikia nikisema uongo tangu uzaliwe, ila huu wa meza, wa likizo na wa mwenzangu.

Usinijibu. Kikao ni Ijumaa.

Shangazi.


Tarehe 8 Juni

Kwako Chiriku, mwalimu wangu,

Hujambo mwanangu? Mimi sijambo, na safari hii si kauli ya barua tu.

Niliingia na kadi mfukoni bila kujua kama itatoka. Walikuwa watatu mezani: mkuu wa yadi, mhandisi na bibi mmoja wa ofisi kuu mwenye sauti ndogo. Karani wa mizigo alikaa ukutani, amekumbatia majalada yake. Mkuu akasoma taarifa. Alipofika "aliliachia kwa mwendo wa mbio kwa uzembe," nikasikia mdomo wangu unasema, "Uzembe upo, mbio hazikuwepo."

Bibi wa ofisi kuu akainua macho. "Uzembe gani?"

Nikawaambia. Simu kwanza, springi baadaye. Nilisema yote kabla ya kuonyesha chochote, maana nilijua nikianza na kadi, haya mengine yatakwama kooni. Mkuu aliweka kalamu chini. Amenijua miaka mingi, na nadhani ilimuuma kuliko mimi.

"Springi zilikuwa zimelala?" mhandisi akauliza.

"Sikutazama. Ndiyo nasema."

"Basi unajuaje alikuwa amejaa?"

Nikatoa kadi. Tukasikiliza kwenye kompyuta ya mkuu. Mara ya kwanza mkuu alicheka aliposikia Kiguru, akasema, "Huyo ndiye yeye." Mara ya pili hakuna aliyecheka. Mhandisi akaomba irudiwe, akavua saa yake ya mkononi akaiweka mezani. Nikampa karatasi yako. Hakuisoma, akaanza hesabu yake mwenyewe upya, na mimi nikaona kalamu yake inapita njia ileile, nusu, theluthi, arobaini. Alipofika themanini alibaki anaitazama. Halafu ndipo akafungua yako, akalinganisha.

"Nani kapiga hii?"

"Mtoto wa kaka yangu. Amefeli fizikia."

"Amefelishwa na nani?" akasema. Nimekuandikia hilo ulitunze.

Bibi wa ofisi kuu akamgeukia karani, kwa sauti yake ndogo ileile. "Saruji ya behewa hili ilipokelewa ghalani lini?" Karani akafungua jalada, akalifunga. Akasema, "Siku iliyofuata." Kumbe alikuwa amesaini kwamba limeshushwa kabla ya kushushwa, ili aondoke mapema, akijua wapakuzi watakuja jioni. Kishindo kilipotokea aliogopa. Wapakuzi wakashusha kesho yake alfajiri, kabla mhandisi hajaja kukagua, behewa likawa tupu kweli, naye akanyamaza. Alilia, Chiriku. Nilikuja nimejiandaa kumchukia, nikashindwa kupata nafasi.

Uamuzi: la mwendo limefutwa. Kwa simu na springi, nimepewa onyo la maandishi na miezi miwili nje ya reli, nitakaa ofisini nikipokea karatasi. Karani amehamishwa kutoka mizigo, na kesi yake inaendelea. Niliposaini onyo langu, mkono wa kushoto ulikuwa umetulia kabisa.

Nilipotoka mkuu alinifuata mpaka mlangoni. "Ungenyamaza kuhusu springi," akasema, "hakuna ambaye angejua." Nikamwambia, "Wewe ungejua. Ungekaa siku moja ukajiuliza mbona huyu hakuziona." Akasema ndiyo, angejiuliza.

Baba yako nimempigia kwa simu ya jirani. Nimemweleza yote, jirani naye amesikia yote, na sasa mtaa mzima unajua momenta ni nini. Kaka yangu akaniuliza kama nimekula.

Soma, Julai hiyo imefika.

Shangazi yako.


Tarehe 30 Julai

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Natumaini karatasi za ofisini hazijakuua. Bibi anakusalimu, anasema ukiandika herufi kubwa zaidi hatahitaji miwani. Ninayekoroma amemaliza masomo na ameondoka. Kumbe siwezi kulala bila yeye.

Nimefaulu. Alama themanini na moja. Kulikuwa na swali la magari mawili yanayogongana na kushikana, nikaandika chini kabisa, bila kuulizwa, kwamba vyuma vitakuwa na vuguvugu. Msahihishaji amepiga vema kubwa na alama ya kuuliza.

Wiki hii wametupeleka mazoezi ya kufundisha. Darasa langu lina wanafunzi hamsini na wawili, madawati ishirini. Leo asubuhi nilipewa sura ya migongano. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, vishale vya rangi mbili, mifano ya mipira. Nikaandika kanuni ubaoni, nikaeleza, wakanakili kimya kama watu wanaonakili anwani ya mtu wasiyemjua. Nikauliza kama kuna swali. Hakuna. Nikageuka kufuta ubao.

Nyuma kabisa, karibu na dirisha, msichana mmoja akasema, si kwa nguvu, nadhani alikuwa anamwambia jirani yake tu, "Sasa hii itamsaidia nani?"

Darasa likanyamaza. Waliniangalia kama nitamfukuza. Nami nilijua hasa ule ukimya, nilikaa ndani yake tangu Februari mpaka Mei.

Nikaweka chaki chini, nikapangusa mikono, nikakaa juu ya meza ya mwalimu, jambo ambalo tumekatazwa.

Nikawaambia, "Fungeni madaftari. Nina shangazi."

Wako akupendaye,
Chiriku.